Mashirika Yanayovisaidia Vijiji Kumiliki na Kusimamia Misitu

Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu ya eneo hilo iko ndani ya ardhi za vijiji. Hayo ni matokeo ya Tathmini ya Taifa ya Rasilimali za Misitu (NAFORMA), yaliyochapishwa mwaka 2015. Takwimu za Serikali zinaonesha pia kuwa wastani wa hekta 469,420 za misitu hupotea kila mwaka, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika ardhi za vijiji ambako msitu haujatengwa wala kupewa msimamizi anayetambulika kisheria.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala lenyewe. Msitu uliomo ndani ya mipaka ya kijiji lakini haujatangazwa kuwa hifadhi ya kijiji huvunwa kwa leseni za Serikali, na mrabaha huingia katika mfuko wa Serikali. Wanakijiji hubaki na visiki. Msitu uleule ukishatangazwa kuwa Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji, kijiji ndicho huamua nani avune, kiasi gani na kwa bei gani, na mapato hubaki kijijini. Tofauti ya hali hizo mbili ni nyaraka chache, lakini kuzipata nyaraka hizo huhitaji fedha, wataalamu na subira, vitu ambavyo vijiji vingi havina. Mashirika yanayotajwa katika makala haya yamejipa kazi ya kuziba pengo hilo.

Msingi wa kisheria

Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ilifungua mlango wa Usimamizi Shirikishi wa Misitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliipa Halmashauri ya Kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na kumwezesha mtu mmoja, familia au kikundi kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kisha Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, ikaweka njia mbili: jamii kuingia makubaliano ya kusimamia msitu wa Serikali kwa pamoja, au kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake chenyewe.

Njia ya pili ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi kwa wananchi, na ndiyo yenye hatua nyingi zaidi. Mipaka ya kijiji lazima ijulikane na isiwe na mgogoro. Kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi, kwa utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Kamati ya Maliasili ya Kijiji iundwe, miti ihesabiwe, mpango wa usimamizi uandikwe, na sheria ndogo zipitishwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji kabla ya kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Kijiji kikikwama katika hatua ya mipaka, kama inavyotokea mara kwa mara, hatua nyingine zote husimama.

Inafaa kukumbuka kuwa sheria hizi hazikutangulia matendo. Zilifuata nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali ilikusudia kuufanya msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, wenye ukubwa wa takribani hekta 9,000, kuwa hifadhi ya Serikali. Wananchi wa vijiji vinane vinavyouzunguka walipinga. Baada ya majadiliano, Serikali ilikubali msitu ubaki mikononi mwao, nao wakaweka mipango, walinzi na sheria ndogo. Kazi hiyo ilifadhiliwa na Sweden kupitia programu ya usimamizi wa ardhi, na uzoefu wake ulichangia maudhui ya sera ya 1998. Katika Wilaya ya Kiteto, vijiji vya kata za Sunya, Lengatei na Dongo viliunganisha misitu yao na kuunda hifadhi inayofahamika kwa kifupi cha majina hayo, SULEDO. Mwaka 2002 SULEDO ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, sambamba na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliorejesha ngitili za Wasukuma.

Kilwa: magogo ya mpingo

Mfano unaoeleza vizuri zaidi kazi ya mashirika haya unapatikana Kilwa. Mpingo hukua taratibu mno. Mti wa kuvunwa unaweza kuwa na umri unaozidi wa mzee yeyote kijijini. Mbao zake hutengenezewa klarineti na zumari za bei ghali Ulaya na Marekani, na wachongaji wa Kimakonde huutegemea kwa vinyago vyao. Hata hivyo, kwa miaka mingi wafanyabiashara walivuna mpingo katika ardhi za vijiji vya Kilwa na kuviachia vijiji hivyo fedha kidogo sana.

Shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative (MCDI), lenye makao yake Kilwa, lilivisaidia vijiji kupima misitu, kuandaa mipango ya uvunaji na kutangaza hifadhi. Kisha likachukua hatua ambayo hakuna kijiji kingeimudu peke yake: liliomba cheti cha Baraza la Usimamizi wa Misitu la kimataifa (FSC) kwa niaba ya vijiji kama kundi. Cheti kilitolewa mwaka 2009, na kilikuwa cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Kikole na Kisangi vilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo kuingia katika kundi hilo.

Cheti hicho humthibitishia mnunuzi wa nje kuwa gogo limetoka katika msitu unaovunwa kwa kiasi kisichouangamiza. Kwa kijiji, faida iliyoonekana mapema zaidi ilikuwa nidhamu ya kazi yenyewe: kila mti unaokatwa huandikwa, hupimwa na kulipiwa kabla haujaondoka, na matumizi ya fedha husomwa mbele ya Mkutano Mkuu.

Mkaa na mtandao wa vijiji

Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG), lililoanzishwa mwaka 1985, lilianzia katika misitu ya Tao la Mashariki na ya ukanda wa pwani. Mshirika wake mkubwa ni Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA), uliosajiliwa mwaka 2007. Wanachama wa MJUMITA ni mitandao ya kamati za vijiji wenyewe, kwa hiyo hoja ya kijiji cha Kilosa au Lindi huweza kufika bungeni au wizarani ikiwa na sauti ya vijiji vingi.

Mashirika hayo mawili yanafahamika zaidi kwa kazi ya mkaa wilayani Kilosa, iliyoanza mwaka 2012 kwa ufadhili wa Serikali ya Uswisi. Sehemu ya msitu wa kijiji hutengwa kwa mkaa na kugawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kimoja huvunwa na cha jirani huachwa, mfano wa ubao wa drafti, na visiki huachwa vichipue kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kitalu kurudiwa. Mchoma mkaa hulipia kijijini. Wapo waliolipokea wazo la kuhifadhi msitu kwa kuchoma mkaa kwa mashaka, na mashaka hayo yana sababu, kwani mbinu hii hufaa pale tu kamati inapokuwa na nguvu ya kumzuia anayevuka mstari wa kitalu.

Katika mikoa ya Lindi, Ruvuma na Tanga, Serikali za Tanzania na Finland zilishirikiana kupitia programu ya FORVAC, iliyoanza mwaka 2018, ambayo mkazo wake ulikuwa katika kuongeza thamani ya mazao ya misitu ya vijiji. Kwa upande wa ardhi na sheria, HAKIARDHI na Timu ya Wanasheria Watetezi wa Mazingira (LEAT), zote zilizoanzishwa mwaka 1994, hutoa elimu ya haki za ardhi na msaada wa kisheria.

Wahadzabe na hati ya pamoja

Kwa jamii zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, asali na mizizi, suala hili ni la uhai. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hawalimi wala hawafugi. Ardhi yao huonekana tupu machoni pa mgeni, na kwa miongo mingi wakulima na wafugaji wameingia humo kana kwamba haina mwenyewe.

Shirika la Ujamaa Community Resource Team (UCRT) la Arusha lilitumia kipengele cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinachoruhusu kikundi kumiliki ardhi kwa pamoja. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walikabidhiwa Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa jina la jamii yao. Hati ya namna hiyo haiwezi kuuzwa na mtu mmoja kwa siri, na hiyo ndiyo kinga yake kubwa. UCRT imeendeleza utaratibu huo kwa jamii za wafugaji wa kaskazini, na mwaka 2016 kiongozi wake, Edward Loure, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Hati ilizaa jambo la pili. Kampuni ya Carbon Tanzania iliingia mkataba na vijiji vya Mongo wa Mono na Domanga ili hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu huo iuzwe kwa viwango vya Plan Vivo. Mapato hulipa walinzi wa msitu, ambao ni Wahadzabe wenyewe, na huchangia matibabu na elimu. Biashara hiyo sasa inaongozwa na kanuni zilizotolewa mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Suala la jamii za msituni limefika pia mahakamani, na uamuzi wake ulitolewa katika ardhi ya Tanzania. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa haki za Waogiek wa Msitu wa Mau nchini Kenya zilikiukwa walipoondolewa katika ardhi yao ya asili. Shirika la Waogiek wenyewe, OPDP, lilikuwa miongoni mwa walioanzisha shauri hilo mwaka 2009. Juni 2022 Mahakama iliagiza fidia na ardhi hiyo ipimwe na kumilikishwa kwa Waogiek.

Baada ya mradi kwisha

Udhaifu unaojirudia ni kwamba miradi mingi hudumu miaka mitatu hadi mitano, ilhali mpango wa usimamizi wa msitu huhitaji kuhuishwa kila unapoisha muda wake. Wajumbe wa kamati waliofunzwa hubadilishwa, viongozi wapya huchaguliwa, na wakati mwingine nakala pekee ya ramani hupatikana nyumbani kwa mtu aliyekwisha kuhama kijiji. Vijiji vyenye mapato ya mbao, mkaa au kaboni humudu kulipia doria na kuhuisha mipango. Visivyo na mapato hutegemea Afisa Misitu wa Wilaya, ambaye aghalabu ana vijiji vingi na usafiri haba. Mfuko wa Misitu Tanzania (TaFF) hupokea maombi ya ruzuku, yakiwemo ya vikundi vya jamii.

Kijiji kinachotaka kutenga msitu wake kinashauriwa kuanza kwa kulijadili jambo hilo katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, vijiji jirani vikihusishwa mapema katika kutambua mipaka. Muhtasari wa mkutano huo huwasilishwa na Mtendaji wa Kijiji kwa Afisa Misitu wa Wilaya, ambaye ndiye huelekeza hatua zinazofuata na kufahamisha ni shirika gani linafanya kazi katika eneo husika.