Ukuta wa jirani una umri kuliko jirani mwenyewe

Bandugu wa asosiasio, huku kwetu Likasi ugomvi wa lupango unaanza karibu kila mara namna moja. Mvua zinaisha, makuta yanapatikana, jirani anamwaga mchanga na matafari kando ya mpaka, na siku mbili baadaye fondasio imekwisha kuchimbwa. Hakuna mtu aliyeulizwa. Ukienda kumuuliza, anakujibu: "Niko najenga mu kwangu." Na wewe unajua pale ni mu kwako. Ajabu ni kwamba mara nyingi wote wawili wanasema kile wanachokiamini kweli. Ndiyo maana nataka leo tuache kidogo matusi, tuulize swali la historia: huu mpaka nani aliuchora, na aliuchora kwa ajili ya nani?

Kabla ya kampuni, nchi hii ya Basanga ilikuwa na mipaka, lakini haikuwa ya kamba na mita. Mpaka ulikuwa mto, njia, mti mkubwa, kichuguu. Sisi wa agronomi tunavijua vichuguu vya Katanga: vingine vinapita urefu wa nyumba, udongo wake uko na mfinyanzi mwingi kuliko udongo wa kando, na vinaweza kukaa pale vizazi na vizazi. Alama nzuri sana. Shamba lililimwa miaka fulani, likaachwa lipumzike, familia ikasogea mbele. Ardhi haikuuzwa. Mpaka ulikuwa ndani ya kichwa cha wazee, na mzee alipokufa alikuwa amekwisha kumwonyesha mwingine.

Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi yote "isiyo na mtu" ni ya serikali. Lakini kwa macho ya mgeni, shamba lililopumzishwa linafanana na pori tu. Kwa hiyo kipande kikubwa cha nchi kikageuka "bila mtu" kwa mstari mmoja wa wino. Kwa wale waliopewa ardhi na serikali, Congo ilifuata mfumo wa Torrens, uliozaliwa Australia ya Kusini mwaka 1858: haki yako iko katika setifika iliyoandikishwa, na si katika ukumbusho wa watu. Tangu hapo tuko na aina mbili za mipaka, ule wa kichwa na ule wa karatasi. Huo wa karatasi haukuandikwa kwa ajili ya babu zetu.

Kisha ikaja shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na hapa kwetu kazi ikakua pale Panda na Shituru. Mji ukapewa jina la mkubwa wa Société Générale ya Ubelgiji, Jean Jadot, ukawa Jadotville mpaka 1966. Mji wa kampuni unachorwa kwa rula: avenyi zilizonyooka, nyumba zinazofanana, namba ukutani. Ni mistari mizuri, lakini mfanyakazi wa kambi hakuwa na lupango. Nyumba ilifuata kazi. Ukitoka kazini, unatoka na nyumbani. Mpaka kati yako na jirani haukuwa shauri lenu, ulikuwa shauri la kampuni. Mtu akijenga kibanda bila ruhusa, mkubwa wa kambi alikuja kukibomoa, na wewe jirani hukuwa na sababu ya kujifunza kujitetea.

Kwa waafrika waliokaa mjini nje ya kambi, dekreti ya tarehe 23 Novemba 1931 ilianzisha vituo vilivyotengwa na utawala wa kimila. Huko mtu alipewa kitabu kidogo, kile wazee wanakiita livre ya lojeri. Kilikupa haki ya kukaa na kujenga, hakikukupa ardhi. Mpaka uliohesabika sana wakati ule haukuwa wa lupango na lupango. Ulikuwa wa mji wa wazungu na mji wa watu weusi. Kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kati ya hiyo miji miwili waliacha eneo tupu kwa makusudi.

Uhuru ulipofika tulirithi michoro bila kurithi mali. Tarehe 7 Juni 1966 ikatoka sheria ya Bakajika, serikali ikairudisha ardhi mkononi mwake. Halafu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo mpaka leo wanasheria wetu wanaitaja kila wiki, ikasema wazi: ardhi ni mali ya serikali peke yake, raia anapata konsesio, na konsesio inathibitishwa na setifika ya kuandikishwa. Waliokuwa na livre ya lojeri walipewa mlango: wangeweza kuibadilisha ipate kuwa konsesio ya kudumu, kama mahali pao pamepimwa na kuandikwa kadastri. Ni mlango mzuri. Lakini wangapi waliupita? Baba anafanya kazi, anajua kwake ni kwake, majirani wote wanamjua. Karatasi ya kazi gani?

Shida ni kwamba majirani nao walibadilika. Mwaka 1992 na 1993, wakati wa kufukuzwa kwa watu wa Kasai, maelfu ya familia zilikusanyika hapa Likasi kungojea treni, huku nyuma zikiacha nyumba. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines iliagana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Kila wimbi kama hilo liliondoa watu waliojua mpaka unapita wapi. Anayenunua leo ananunua kutoka kwa mtu ambaye naye alinunua kwa mwingine, na kila muuzaji anaonyesha mpaka kwa kidole: "Toka kwa huu muembe mpaka kule." Muembe ukikatwa, mpaka umekwenda na kuni. Hata kichuguu, ile alama ya wazee, leo kinachimbwa kufanya matafari, kwa sababu udongo wake unashika vizuri. Nimekwisha kuona alama ya mpaka ikigeuka kuwa ukuta uliovuka mpaka.

Mfano ninaoujua vizuri uko Kikula, kwa mama yangu mkubwa. Jirani mpya alianza kujenga ukuta mwezi wa nane. Mama mkubwa akaenda na heshima yote: "Papa, huu ukuta yako iko naingia mu lupango yetu, na pale ndiyo mayi ya mvua inapitaka." Jirani hakuwa mtu mbaya. Akajibu: "Mama, aliniuzisha ndiye alinionyesha hapa. Niko na papye." Papye yake ilikuwa barua ya kuuziana, na mashahidi wawili. Ya mama mkubwa ilikuwa livre ya lojeri ya marehemu mume wake, ya kabla ya uhuru, imekunjwa mara nne. Karatasi mbili, na hakuna hata moja iliyotaja mita.

Kilichosaidia ni haraka. Ukuta ulikuwa bado kwenye magoti. Mama mkubwa alipiga picha kila siku, akamwita shefu wa kartie aje kuona na kuandika, akapeleka barua ofisi ya urbanismu akiuliza kama ujenzi ule una ruhusa, akabaki na kopi yenye muhuri. Ruhusa haikuwako. Kazi ikasimamishwa. Mpimaji wa kadastri alipokuja, wakalipa wote wawili nusu kwa nusu, na chini ya takataka likapatikana jiwe moja la zamani, borni. Ukuta ulikuwa umeingia sentimetre 40. Wakapatana: kona ile ya maji ibomolewe, pengine pote ukuta urudi kwenye mstari, na PV isainiwe na wote pamoja na shefu. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, maji yalipita njia yake. Kama wangengojea mpaka linta na mabati, mambo yangekuwa mengine.

Naeleza hivi juu sheria yetu haiko tupu kama watu wanavyosema. Dekreti ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya urbanismu ilikwisha kuweka utaratibu kwa anayejenga mjini, na mwaka 2013 waziri alitoa amri mpya juu ya ruhusa ya kujenga. Sheria ya 1973 nayo inajua kisa cha mtu anayejenga kwenye ardhi ya mwingine: mwenye ardhi anaweza kudai kiondolewe. Lakini sheria hiyohiyo iko na kisu upande wa pili. Setifika ikitolewa, baada ya miaka miwili haishambuliki tena, unabaki kudai fidia tu. Kwa hiyo jirani akijenga juu ya kipande chako, kisha akakipimisha na kukiandikisha pamoja na chake, saa imeanza kuhesabu, hata kama wewe hujui.

Hapo ndipo historia inatufundisha kitu cha kufanya. Kwa miaka zaidi ya mia, mwenye karatasi alimshinda mwenye ukumbusho. Ukumbusho wetu si uongo, ila hakuna aliyeuandika. Basi wewe uliyesoma, kabla hata jirani hajaleta mchanga, kaa na wazee wa nyumba, waulize mpaka unapita wapi, tafuta borni, piga picha, chora, wasainishe majirani wa pande zote wakati bado mnasalimiana vizuri. Kisha peleka kadastri. Ukuta ukianza, nenda kwanza kwa jirani, halafu kwa shefu, halafu urbanismu, na tribinali iwe ya mwisho, lakini usiruke barua wala muhuri hata mmoja.

Likasi ilichorwa na watu ambao hawakufikiri kwamba siku moja sisi tutakuwa wenye nyumba. Wao walikwenda, mistari yao ikabaki. Ni juu yetu kuijaza majina yetu, mita kwa mita, kabla sementi haijakauka.