Kurasa Zinazojibu Bila JavaScript: Historia Inayopita Kilosa na Mikumi

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ambayo ndani yake umo mji mdogo wa Mikumi ulio kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, ina milima ya Ukaguru na Rubeho inayokinga mawimbi ya minara ya simu, na huduma za kidijiti zilizotangulia kuenea vijijini humo hazikuhitaji tovuti wala simu janja. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, mteja mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, alibonyeza *150*00# na kuletewa menyu ya kuchagua kwa namba. Menyu hiyo hutumwa kwa njia ya USSD, utaratibu wa mtandao wa simu ambao hubeba herufi zisizozidi 182 kwa ujumbe mmoja, na kila namba inayobonyezwa husafiri hadi kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni, ambayo ndiyo hupokea chaguo, hulitafakari na kurudisha menyu inayofuata, huku simu yenyewe ikionyesha tu inacholetewa.

Mtandao wa tovuti ulianza kujibu watumiaji kwa mpango huohuo. Fomu, yaani sehemu ya ukurasa yenye nafasi za kujaza na kitufe cha kutuma yaliyojazwa kwenye seva, ilikuwamo katika kivinjari cha Mosaic mwaka 1993, miaka miwili kabla Brendan Eich wa kampuni ya Netscape hajabuni JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha mtumiaji. Lugha hiyo iliundwa kwa siku kumi hivi, kisha ikatawala, na kurasa zikaanza kubeba programu nzito zinazomaliza bando na kuichosha simu dhaifu kabla msomaji hajaona hata kichwa cha habari.

Nafuu kwa wenye simu za bei ndogo ilitoka Norway. Kivinjari cha Opera Mini, kilichotolewa duniani kote mwaka 2006, kiliiachia seva kazi ya kuufungua ukurasa, kuubana na kuutuma ukiwa mwepesi hata kwa simu za vitufe zenye intaneti, kwa hiyo JavaScript iliendeshwa mbali na simu, tena kwa muda mfupi. Mkuu wa teknolojia wa kampuni hiyo alikuwa Håkon Wium Lie, ambaye mwaka 1994 ndiye aliyependekeza CSS, lugha inayoeleza mwonekano wa ukurasa. Mwishoni mwa 2014 mpango wa Facebook wa Internet.org, baadaye Free Basics, uliofungua tovuti chache bila malipo, uliingia Tanzania kupitia Tigo, na baadaye ukawataka wenye tovuti kuhakikisha kuwa kurasa zao zinafanya kazi bila JavaScript. Masharti yake kuhusu tovuti zipi zipitishwe yalilaumiwa, na lawama hizo zilikuwa na haki, lakini sharti hili moja lilikuwa la busara.

Siku hizi HTML, lugha inayojenga ukurasa, ina uwezo wake yenyewe. Elementi iitwayo details huficha maelezo mpaka msomaji abonyeze kichwa chake, na vivinjari vyote vikubwa vinaielewa. Sifa ya required huzuia fomu isitumwe ikiwa nafasi muhimu haijajazwa. Na kisanduku cha kutia tiki kinaweza kuamrisha CSS ionyeshe au ifiche menyu. Mbinu hii ya mwisho husifiwa kupita kiasi, kwa sababu msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea kioo, huambiwa kuna kisanduku mahali ambapo wengine wanaona menyu, hivyo details inafaa zaidi. Ramani inayosogezwa kwa kidole na mazungumzo ya papo kwa papo bado yanaihitaji JavaScript, na hakuna sababu ya kuyanyima. Bei za vyumba vya wageni, ratiba ya treni na fomu ya kulipia kibali haziihitaji.

Anayejenga tovuti ya halmashauri au ya nyumba ya wageni Mikumi na azime JavaScript katika kivinjari chake, kisha ajaribu kulipia kibali au kuweka nafasi ya chumba hadi mwisho, kabla hajaitangaza tovuti hiyo kwa wateja.