Oksijeni Tupu

Msimu wa mvua Rumonge, upepo wa ziwa ukizidi usiku, jiko la mbabula huingizwa chumbani na makala yake mekundu, mlango ukafungwa. (Msomaji wa Dar es Salaam asishtuke: makala huku kwetu, na ng'ambo kule Fizi, ni makaa ya kupikia, siyo maandishi kama haya.) Alfajiri mtu anaamka kichwa kinamgonga, anatapika, miguu haimbebi. Jirani anapiga kelele: "Mtoeni nje apate hewa safi!" Kweli kabisa, ndiyo hatua ya kwanza. Shida ni pale maneno hayo hayo yanapomfuata mgonjwa hadi kituo cha afya.

Gesi iliyompata ni monoksidi ya kaboni. Wapo wanaoiandika "hewa ukaa", nao wanakosea, maana jina hilo lilikwisha kuchukuliwa na dioksidi. Monoksidi haina rangi wala harufu. Moshi ukiisha, watu hudhani hatari nayo imekwisha. Gesi hii huing'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni hudanganyika, kikaonyesha 98 kana kwamba mambo ni shwari.

Tiba yake ni oksijeni, na ndiyo maana kuiita "kusaidiwa kupumua" hakutoshi. Mara nyingi mgonjwa anapumua vizuri tu. Damu ndiyo imebeba mzigo usio wake, na mzigo huo unashushwa kwa kuifurikisha damu kwa oksijeni. Hewa ya ziwani, hata iwe safi namna gani, ina oksijeni asilimia 21. Kwa hewa hiyo, nusu ya sumu hutoka kwa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni ya asilimia 100, barakoa yenye mfuko ikiwa imebana uso, ni kama saa moja na nusu au pungufu. Ndani ya chemba ya shinikizo la angahewa 3, sawa na kuzama mita 20 hivi majini, ni dakika 20 na ushei.

Wengi huandika "oksijeni safi". Mimi naikataa: inamrudisha jirani kwenye mlango ulio wazi. Nasema oksijeni tupu, kama ugali mtupu usio na mboga. Niliwahi kuulizwa kama haitachanganywa na mtungi uliokwisha. Upatanisho wa sarufi unatulinda: mtungi mtupu unarudishwa stoo, mtungi wa oksijeni tupu unasogezwa kitandani.