Tulikosea wapi? Historia ya kurudisha pumzi, kwa mama wa Bukoba na Muleba

SEHEMU YA 1: Mtoto aliyebebwa kichwa chini

Leo naanza uzi wa sehemu sita. Ni historia, ila ukifika mwisho utaondoka na kitu cha kufanya kwa mikono yako.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kituo kimoja huku Muleba. Mchana wakaleta mtoto wa kama miaka mitatu, katolewa ziwani karibu na mwalo. Aliyembeba alikuwa anakimbia, kamning'iniza begani kichwa chini, kashika miguu yote miwili, na kila hatua mtoto anagonga mgongo wake. Nyuma anakuja mama, kanga imeshadondoka njiani, hana habari nayo. Walitembea hivyo zaidi ya nusu saa. Walikuwa wanasubiri maji yatoke.

Tulijaribu kila tulichoweza. Hatukumpata.

Baadaye yule mama alinishika mkono akaniuliza, "Sista, tulikosea wapi?" Siku ile sikuwa na jibu la kumpa mtu aliyetoka kufiwa. Huu uzi ndio jibu langu, na naanza kwa kusema wazi: hamkuwa wajinga. Mlichofanya, dunia nzima ilikifanya kwa mamia ya miaka, wakiwemo madaktari wakubwa.

SEHEMU YA 2: Pipa, farasi na moshi wa tumbaku

Twende Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1767. Mji ule una mifereji ya maji kila mtaa, na watu walikuwa wanatumbukia na kufa kila mara. Wananchi wakaunda chama cha kuokoa waliozama. London nao wakaunda cha kwao mwaka 1774. Kabla ya hapo mtu akitolewa majini bila pumzi, wengi walihesabu kwamba ameshakufa na hakuna la kufanya. Hivi vyama ndivyo vilivyoeneza wazo kwamba aliyezama anaweza kurudi, na kwamba anayeweza kumrudisha ni yeyote aliye karibu.

Wazo zuri. Njia zao sasa, jamani! Walimpasha mgonjwa joto, sawa. Walimpulizia hewa mdomoni, sawa kabisa. Lakini pia walimpulizia moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa, wakiamini utamwamsha. Kwingine walimviringisha juu ya pipa, walimning'iniza kwa miguu, au walimlaza kifudifudi juu ya farasi anayekimbia ili atikisike. Yaani yule baba wa mwaloni angekuta wenzake wengi Ulaya.

Kosa lao lilikuwa moja: walidhani shida ni maji yaliyoingia. Shida kubwa ni hewa iliyokosekana. Maji ya kwenye mapafu huwa kidogo kuliko tunavyofikiri, na hayamwagiki kama ya kwenye ndoo. Yanayotoka ukimning'iniza mtoto mengi ni ya tumboni, na yakipanda kooni yanaweza kurudi kwenye mapafu. Wakati huohuo ubongo unahesabu dakika. Moyo ukisimama, dakika 4 hadi 6 tu zinatosha ubongo kuanza kuharibika. Nusu saa ya kukimbia ni ndefu mno.

Na kinachoniuma kwenye historia hii: jibu lilikuwepo. Mwaka 1732 daktari wa Uskoti, William Tossach, alimpulizia mdomo kwa mdomo mchimbaji wa makaa ya mawe aliyetolewa mgodini hana pumzi, na mtu yule akaamka. Wakunga nao walikuwa wanawapulizia vichanga tangu zamani za kale. Kisha wataalamu wakaiacha njia hiyo, wengine wakiiona si safi, si ya heshima. Wakaja na njia za kumnyanyua mgonjwa mikono na kumkandamiza: ya Silvester mwaka 1858, ya Schafer mwaka 1903, ya Holger Nielsen mwaka 1932. Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa skauti zamani, muulize. Huenda bado anakumbuka kumlaza mtu kifudifudi na kumvuta viwiko.

SEHEMU YA 3: Mdomo, mikono na mdoli

Miaka ya 1950, Marekani, madaktari wawili, James Elam na Peter Safar, wakaamua kupima badala ya kubishana. Safar alitumia watu waliojitolea, wakapewa dawa za usingizi na za kulegeza misuli hadi wakashindwa kupumua wenyewe, kisha watu wa kawaida wakawapulizia. Matokeo yakawa wazi: pumzi ya mdomo iliingiza hewa ya kutosha, zile njia za kuvuta mikono zilishindwa. Akaonyesha pia kwamba ukiinua kidevu na kurudisha kichwa nyuma, njia ya hewa inafunguka. Kitu kidogo hivyo, na ndicho cha kwanza tunachofundisha hadi leo.

Upande wa moyo, Baltimore, watafiti watatu walikuwa wanachunguza mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Mmoja wao, Guy Knickerbocker, aliona kwamba vile vyuma vizito vikikandamizwa kwenye kifua cha mbwa, damu inasukumwa hata kabla ya umeme. Mwaka 1960 yeye, William Kouwenhoven na James Jude wakachapisha habari hiyo: kinachohitajika ni mikono miwili tu. Hapo ndipo pumzi na mikono vikaungana, tukapata hii tunayoiita CPR.

Lakini unafundishaje? Huwezi kumbana mtu mzima kifua mbele ya darasa. Hapa anaingia Mnorwe aitwaye Åsmund Lærdal, mtengeneza wanasesere. Mwanawe Tore, akiwa na miaka miwili, alikaribia kufa maji, na baba yake ndiye aliyemuokoa. Alipoombwa kutengeneza mdoli wa mafunzo alikuwa anajua uchungu wake. Mdoli ule ulitoka mwaka 1960, una sura ya msichana aliyetulia kama amelala. Inasimuliwa kwamba sura hiyo ilichukuliwa kutoka kwa binti asiyejulikana aliyezama mto Seine, Paris. Mamilioni ya watu wamejifunza kuokoa kupitia uso huo.

Safar naye alifiwa na binti yake mwaka 1966, kwa shambulio la pumu. Hebu fikiria: mtu aliyefundisha dunia kurudisha pumzi. Baada ya hapo alizidi kusukuma elimu hii na huduma ya magari ya wagonjwa. Naliandika hili kwa sababu kina mama huwa mnaniambia, "Wewe nesi, kwako haliwezi kutokea." Linatokea kwa kila mtu.

SEHEMU YA 4: Hofu yetu ya Kagera

Sasa turudi nyumbani. Nikifundisha huku, swali la kwanza si "nabonyeza wapi?" Swali ni, "Sista, nikimwekea mdomo nikaambukizwa?"

Sicheki. Mkoa huu una sababu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa hapa Kagera, mwaka 1983. Tumezika wazazi, shangazi na walimu wetu, na wengi wetu tumelelewa na bibi. Juzi tu, Machi 2023, ikatangazwa Marburg Bukoba. Watu 6 walifariki, akiwemo mhudumu wa afya, hadi ulipotangazwa kwisha mwanzoni mwa Juni. Ukikulia hapa, mwili unajifunza kuogopa majimaji ya mtu mwingine.

Sayansi imeisikia hofu hiyo. Mwaka 2008 chama cha moyo cha Marekani kilitoa ushauri kwamba mtu mzima akianguka ghafla mbele yako, na hujasomea au hutaki kutumia mdomo, bonyeza kifua tu, kwa nguvu na haraka, bila kupulizia. Damu yake bado ina hewa ya dakika chache. Ukiisukuma, unamsaidia.

Ila hapa nawaomba msome mara mbili. Aliyezama, na mtoto mdogo kwa kawaida, yeye hakuanguka kwa sababu moyo ulikatika ghafla. Alikosa hewa kwanza, moyo ukafuata. Damu yake imeshaishiwa hewa. Kubonyeza bila kupulizia ni kama kusukuma mkokoteni mtupu. Huyu anahitaji pumzi, tena kwanza. Na mara nyingi huyo ni mwanao uliyembusu asubuhi. Hofu ya mgeni usiipeleke kwa mwanao.

Kama kuna mlipuko wa ugonjwa kama Marburg, maelekezo ya wataalamu wa afya ndiyo yatangulie, na mgonjwa anayeshukiwa usimguse, piga simu.

SEHEMU YA 5: Dakika ya kwanza ya mtoto mchanga

Mama zangu wa wodi ya wazazi, hii ni yenu. Wengi mmeniuliza kwa nini mtoto akizaliwa tunamkausha kwa nguvu na kumsugua mgongo kama tuna hasira naye. Zamani mtoto asiyelia alishikwa miguu, akaning'inizwa, akapigwa makalio. Mnaona? Kichwa chini tena. Pipa lilitufuata mpaka leba.

Mwaka 2009 Tanzania ilianza kujaribu mafunzo mapya ya wakunga kwenye hospitali 8. Yanaitwa kwa kifupi HBB, yaani kuwasaidia watoto wapumue. Hakuna mashine kubwa. Mkaushe, msugue, na kama hapumui mpe hewa kwa mfuko na kinyago ndani ya dakika moja ya kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu muda mfupi tu baada ya kufa walipungua kwa asilimia 24. Huo ni utafiti wa hapa kwetu, wa wakunga wetu, na nchi nyingi zimejifunza kutoka kwao.

Na unajua mdoli wa mtoto mchanga tuliofanyia mazoezi ulitoka wapi? Kwenye kampuni ileile ya Norway, ikiongozwa na Tore Lærdal. Ndiyo, yule mtoto wa miaka miwili aliyeokolewa majini.

SEHEMU YA 6: Ziwa letu, na jibu langu

Sisi ni watu wa ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wetu wakafa. Meli ilisajiliwa kubeba watu 430, walikuwemo wengi kupita hapo. Nyumba nyingi za Bukoba na Muleba bado zina picha ukutani ya mtu aliyepanda siku ile. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ikaangukia ziwani, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Walikuwemo watu 43. 19 walifariki, 24 walipona. Waliowafikia mapema walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana Majaliwa Jackson akasifiwa nchi nzima, akaajiriwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mnaona somo ni lilelile la Amsterdam 1767? Anayefika kwanza ni jirani. Mimi nesi nafika wa pili, au wa kumi.

Kwa hiyo, nenda darasani. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1962, kinafundisha huduma ya kwanza. Hospitali kubwa nazo huwa na mafunzo ya BLS, hasa kwa watumishi. Utapiga magoti mbele ya mdoli, utatoka jasho, utapimwa, utapewa cheti. Cheti nyingi hukaa miaka miwili kwa sababu mikono inasahau. Vikoba vyenu, jumuiya zenu, kwaya zenu: changishaneni mwite mkufunzi mara moja kwa mwaka.

Mpaka siku hiyo, shika haya kwa mtoto aliyetolewa majini:

1. Mlaze chali, sehemu ngumu. Usimning'inize, usimkamue tumbo.
2. Mwite, mguse. Hajibu, hapumui vizuri? Piga kelele watu waje, mmoja apige simu na kutafuta usafiri.
3. Inua kidevu. Kwa mtoto mkubwa ziba pua, kwa kichanga funika mdomo na pua kwa mdomo wako. Pulizia taratibu mpaka kifua kinyanyuke. Wengine hufundisha pumzi 2 za mwanzo, wengine 5. La msingi ni pumzi kwanza.
4. Bonyeza katikati ya kifua, theluthi ya unene wake, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mara 30, pumzi 2, rudia. Kichanga tumia vidole gumba viwili, mikono ikizunguka kifua chake.
5. Usiache njiani. Kama mnasafiri, mmoja aendeshe, mwingine aendelee. Na hata akizinduka, aje hospitali.

Namba za bure: 114 Zimamoto na Uokoaji. 115 m-mama, kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga.

Sasa jibu, mama yangu wa mwaloni, kama unasoma. Hamkukosea kwa kutompenda. Mlikosea palepale alipotolewa, kwa kukimbia kabla ya kumpa pumzi, na hakuna aliyekuwa amewafundisha. Hilo lilikuwa deni letu sisi wa afya. Tulipaswa kufika mwaloni na mdoli kabla ninyi hamjafika kwetu na mtoto.

Naanza kulilipa. Mwenye kikundi Muleba au Bukoba aniandikie, Jumamosi zangu zipo.