Bomba la Ziwa na Malambo Yaliyoachwa: Hoja juu ya Akiba ya Maji Shinyanga na Geita

Rais Jakaya Kikwete alipozindua mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga mwaka 2009, wengi waliona kwamba suala la maji upande huo wa Usukuma limekwisha. Serikali ilikuwa imejenga kwa fedha zake. Tena ilikuwa imeuweka kando kwa vitendo mkataba wa 1929 wa maji ya Mto Nile kati ya Uingereza na Misri, ambao Nyerere alikuwa ameshakataa kufungwa nao tangu mwaka 1962. Ulikuwa ushindi halali. Hata hivyo uliacha nyuma fikra ninayoipinga hapa: kwamba mkoa wenye bomba la ziwa hauhitaji tena akiba yake wenyewe.

Tuanze na hesabu. Mtambo wa Ihelele, wilayani Misungwi, ulijengwa kusafisha mita za ujazo 80,000 kwa siku. Maji husukumwa hadi tangi la kilima cha Mabale, lenye mita za ujazo 35,000, kisha hushuka kwa mserereko kuelekea Kahama na Shinyanga. Matumizi yakilingana na uwezo wa mtambo, Mabale ina maji ya saa kumi na nusu hivi. Umeme ukikatika Ihelele jioni, kufikia alfajiri tangi limekauka. Matangi ya mijini huongeza muda, lakini si kwa siku nyingi, na bomba hilohilo sasa limerefushwa hadi Nzega, Igunga na Tabora.

Watetezi wa bomba hujibu kwamba akiba ni ziwa lenyewe, na kwa kiasi wana haki. Ukigawa maji ya Ihelele ya mwaka mzima kwa eneo la ziwa, kina kinapungua kwa chini ya nusu milimita. Jua peke yake huchukua zaidi ya hapo kwa siku moja. Lakini tangu bwawa la Owen Falls likamilike Jinja mwaka 1954, kiasi cha maji kinachotoka ziwani huamuliwa na binadamu. Katika ukame wa 2003 hadi 2006 Uganda iliruhusu maji mengi kuliko kanuni iliyokubaliwa, na kina kikashuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Mwaka 2020, na tena 2024, kikapanda kupita kiasi. Ziwa halitakauka, ila lango lake liko nchi nyingine, na pampu za Ihelele hazifanyi kazi bila umeme.

Yaliyoachwa nyuma ni malambo. Wakoloni waliyachimba kwa wingi Usukuma baada ya Vita Kuu ya Pili, na wanavijiji wameendelea kuyachimba. Kasoro yake inajulikana: ardhi ni tambarare, kwa hiyo lambo huwa pana na la kina kifupi, jua hunywa sehemu kubwa, na tope linaloporomoka kutoka malishoni hujaza iliyobaki. Dawa ya tope wafugaji walikuwa nayo. Ngitili, malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili nyasi zikue, yalifufuliwa kwa maelfu ya hekta na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) kati ya 1986 na 2004. Tumezoea kuyasifu kwa miti na kuni. Mimi nayahesabu kuwa sehemu ya bwawa, kwa sababu mteremko wenye nyasi ndio unaoamua kama lambo litaishi miaka kumi au arobaini.

Kazi ya lambo iko wazi. Kunywesha ng'ombe maji yaliyotiwa klorini na kupandishwa kilimani kwa umeme ni ubadhirifu, hata kama bei inayopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inauficha. Maji ya mifugo, bustani na ufyatuaji matofali yangetoka kwenye malambo. Bwawa la Ning'hwa, lililoulisha mji wa Shinyanga kabla ya bomba, lingetunzwa kama akiba ya dharura. Kinachokwamisha zaidi ni utawala. Maji ya bomba yanatoka katika bonde linalosimamiwa kutoka Mwanza; mvua inayonyesha Shinyanga mjini na Kishapu hutiririkia Bonde la Kati, ambalo bodi yake iko Singida. Hakuna meza moja ambapo lambo na bomba vinapangwa pamoja.

Migodi, kwa upande wake, haijaacha kuhifadhi maji. Geita, mgodi huvuta maji ya ziwa kutoka ghuba ya Nungwe na kuyaweka katika bwawa la Nyankanga, na mji nao umekuwa ukipata maji humo. Lakini mabwawa ya migodi yana hatari zake: tarehe 7 Novemba 2022 tuta la bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilibomoka, likafunika mashamba na makazi ya Kishapu. Hilo lilikuwa bwawa la taka, si la maji ya kunywa, ila ukaguzi wa tuta ni elimu ileile, na halmashauri zenye malambo kadhaa mara nyingi hazina mhandisi wa kazi hiyo. Migodi pia hufungwa; Buzwagi ilisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Mpango wa kufunga mgodi wa Geita unapaswa kutaja taasisi itakayokagua tuta la Nyankanga, na bajeti itakayolipia umeme wa pampu za Nungwe baada ya dhahabu kwisha.