Mwanya wa Ekseli: Historia ya Baiskeli ya Mbio Kurudi kwenye Gia Moja

Katika ncha ya nyuma ya fremu ya baiskeli, pale nati mbili zinapokamata ekseli ya gurudumu, upo mwanya. Kwenye baiskeli nyingi za mbio za zamani mwanya huo umelala, na gurudumu huweza kusukumwa mbele au kuvutwa nyuma kabla ya nati kukazwa. Nafasi hiyo fupi ndiyo inayowezesha baiskeli kuukuu ya gia 10 kugeuzwa ya gia moja kwa fedha kidogo.

Baiskeli ya kisasa ilizaliwa na gia moja. Rover ya John Kemp Starley, iliyotoka Coventry, Uingereza, mwaka 1885, ilikuwa na cheni moja kutoka kwenye pedali hadi gurudumu la nyuma, na haikuwa na friwili: gurudumu likizunguka, miguu nayo huzunguka. Friwili ilienea karne ya 19 ikielekea ukingoni, na mwendeshaji akapata kupumzisha miguu mteremkoni. Lakini cheni hurefuka kadiri inavyotumika, na cheni iliyolegea huchomoka. Dawa yake ni kulegeza nati, kulivuta gurudumu nyuma na kukaza tena. Fundi wa chini ya mwembe anayehudumia baiskeli nzito za Phoenix au Raleigh za Afrika Mashariki huifanya kazi hiyo kila siku, spana mkono mmoja na gurudumu mkono wa pili.

Kwa wanamashindano mwanya ulikuwa na kazi kubwa zaidi. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, aliamini kwamba mbio ni za misuli, si za mitambo, akawazuia waendeshaji mashuhuri kutumia vibadilisha gia. Wakati huohuo Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alikuwa akiandika miaka nenda miaka rudi kutetea gia nyingi. Historia ilimpa haki Vélocio, lakini kwa zaidi ya miaka 30 kanuni ilikuwa mikononi mwa Desgrange.

Washindani wakajipanga hivi: gurudumu la nyuma lilifungwa gia kila upande, ndogo ya tambarare na kubwa ya mlima. Chini ya mlima mwendeshaji alishuka, akalegeza nati zenye masikio kwa vidole, akachomoa gurudumu, akaligeuza, akaipandisha cheni kwenye gia kubwa, kisha akalivuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze. Gia za ukubwa tofauti huhitaji ekseli ikae mahali tofauti, na mwanya mrefu ndio uliotoa nafasi hiyo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1927 Tullio Campagnolo wa Italia alishindwa kulegeza nati hizo kwenye kipito chenye theluji kwa sababu vidole vilikufa ganzi, na kwamba hapo ndipo alipopata wazo la ekseli inayofunguliwa kwa mkono wa chuma.

Vibadilisha gia viliruhusiwa katika Tour mwaka 1937, na Roger Lapébie akashinda akiwa nacho. Hata hivyo mwanya haukupoteza kazi mara moja. Mtambo wa Campagnolo alioutumia Gino Bartali kushinda mwaka 1948 haukuwa na springi ya kukaza cheni. Mwendeshaji alinyoosha mkono nyuma, akalegeza ekseli huku baiskeli ikienda, akazungusha pedali kinyume, akahamisha cheni, na gurudumu lenyewe likateleza ndani ya mwanya wenye meno. Ujasiri wa kufanya hivyo kwenye milima ya Ufaransa unastahili kukumbukwa.

Baadaye mkono wenye springi na vigurudumu viwili ukachukua jukumu la kukaza cheni. Watengenezaji waliendelea kukata mwanya uliolala, na fremu za namna hiyo ziliuzwa kwa mamilioni, hasa Marekani wakati wa homa ya baiskeli za gia 10 mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Nyingi ziliishia magaraji. Ndizo zilizofufuliwa kwa kugeuzwa za gia moja tangu miaka ya 1990 na vijana wapeleka vifurushi wa New York na San Francisco, waliotaka baiskeli isiyo na cha kuharibika, na baada yao na watu wa kawaida. Sheldon Brown, fundi na mwandishi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008, aliwafundisha wengi namna ya kufanya kazi hiyo.

Kazi yenyewe haina gharama kubwa. Nyaya na vibadilisha gia hutolewa. Friwili ya gia tano au sita hufunguliwa, na kwenye hesi ileile hufungwa friwili ya gia moja, mara nyingi ya meno 16 au 18. Mbele hubaki gia ya meno 42, na cheni hufupishwa. Meno 42 kwa 16 huisogeza baiskeli karibu mita 5.5 kwa kila mzunguko wa pedali, mwendo unaofaa mji usio na vilima vikali. Panapohitaji uangalifu ni mstari wa cheni: gia ya mbele na ya nyuma zitazamane sawasawa, kwa kuhamisha waasha za ekseli na kukaza spoki upya ili rimu irudi katikati. Mwisho gurudumu huvutwa nyuma mpaka cheni icheze kama sentimita moja tu ikisukumwa kwa kidole.

Fremu za baadaye ni ngumu zaidi kugeuza. Mwaka 1984 Shimano ya Japani ilitoa gia zinazobadilika kwa mbofyo, ambazo hutaka gurudumu likae mahali palepale daima, na mwanya uliosimama wima ukawa kawaida. Hapo gurudumu halivutiki. Asiye na fedha ya kununua kikaza cheni hukirudisha kibadilisha gia cha zamani bila waya, skrubu zake zikiwa zimekazwa ili kisihame, kikae chini ya gia moja kikivuta cheni kwa springi yake.