Malisho ya Mifugo na Wanyamapori wa Kasigau

Kasigau ni mlima na eneo la nyika katika Kaunti ya Taita Taveta, Kenya, kusini-mashariki mwa mji wa Voi. Mlima una kimo cha takriban mita 1,640, nao umo katika Milima ya Tao la Mashariki. Ukiteremka kutoka msitu wake wa ukungu unafika kwenye nyika kavu ya migunga na vichaka vya miiba, ambayo wanyama huipitia kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ardhi hiyohiyo imegawanywa kuwa maranchi: Rukinga, Taita, Maungu, Kasigau, Mgeno na mengine. Mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti, kwa hiyo mng'ang'anio wa majani katika eneo lililobaki ni jambo la kila mwaka.

Si kila mnyama anayeguswa na mifugo kwa namna moja. Ng'ombe na kondoo hula zaidi majani ya ardhini, kwa hiyo wanakula chakula kilekile cha pundamilia, nyati, kongoni na choroa. Mbuzi na ngamia hupendelea matawi na majani ya vichaka. Hao wanaingia katika chakula cha tandala mdogo, swala twiga, digidigi na twiga. Mbuzi hawezi kufika anapofika twiga, ila ngamia hula juu sana, na mahali ambapo makundi makubwa ya ngamia yamekaa wiki kadhaa vichaka hubaki mifupa mitupu. Pofu hubadilisha chakula kulingana na majira, na hilo humpa nafuu kidogo.

Kitu kinachoamua ukubwa wa madhara ni majira, na hapa Kasigau majira ni maji. Hakuna mto usiokauka katika maranchi haya. Mvua za vuli, za Novemba na Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi kuliko za masika. Zikikosekana, silanga hukauka mapema na viumbe vyote hubanwa kwenye sehemu chache zilizobaki na maji. Ng'ombe hunyweshwa mchana, wakiwa na wachungaji na mbwa. Pundamilia na choroa husubiri mbali au huja usiku, wakati ambao simba naye yupo. Majani yaliyo karibu na maji huisha kwanza, kisha kila siku wanyama hulazimika kwenda mbali zaidi kati ya chakula na kinywaji. Jike anayenyonyesha ndiye anayeshindwa mapema. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu wa Tsavo, majike na ndama wakiwa wengi miongoni mwao, na waliokufa walikosa chakula kwenye eneo linalofikika kutoka majini zaidi ya kukosa maji yenyewe.

Wakati wa mvua mambo hugeuka. Katika majaribio ya kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, yaliyoanza mwaka 1995 kwa kuzungushia vipande vya ardhi uzio wa aina mbalimbali, watafiti walipima uzito wa ng'ombe waliolishwa pamoja na wanyamapori na wa wale waliotengwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kiangazi ng'ombe waliochanganyika na wanyamapori waliongezeka uzito kidogo kuliko wenzao, lakini wakati wa mvua waliongezeka zaidi. Pundamilia hula mabua makavu na marefu, na kumwachia ng'ombe majani mabichi yenye protini. Laikipia ina nyasi nyingi na udongo mweusi, Kasigau ni kavu zaidi, kwa hiyo hesabu haiwezi kuhamishwa ilivyo. Hata hivyo kanuni inashika: anayesema ng'ombe ni adui wa wanyamapori mwaka mzima amekosea sawa na anayesema hana athari. Hata zizi la usiku, likihamishwa, huacha samadi, na mvua ikinyesha hapo huota majani mafupi mazuri ambayo swala huyafuata kwa miaka mingi.

Magonjwa huvuka pande zote mbili. Sotoka, iliyoingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, iliua ng'ombe na nyati kwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1990 ilizuka tena Tsavo, ikafyeka nyati na tandala wadogo, ilhali ng'ombe wa wakati huo waliugua kidogo tu na kwa hiyo ilikuwa vigumu kuigundua zizini. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na ni ushindi wa madaktari wa mifugo ambao wanyamapori wa Tsavo wamefaidika nao sana.

Takwimu za nchi nzima zinatisha. Hesabu zilizofanywa kwa ndege katika nyika za Kenya kati ya 1977 na 2016 zilionyesha wanyamapori wakipungua kwa wastani wa asilimia 68, huku mbuzi na kondoo wakiongezeka kwa asilimia 76 hivi. Ng'ombe wenyewe walipungua. Mifugo haibebi lawama yote, kwani ujangili, ukataji wa miti ya makaa na ukame vimo, lakini mbuzi na kondoo wengi kiasi hicho hula kitu, na kitu hicho kilikuwa cha mwingine.

Maranchi mengi ya Kasigau yaliyumba kwa ukame, madeni na miundombinu iliyovunjwa na ndovu. Baadhi yalipata pesa kwa kukodisha malisho kwa wafugaji wa mbali, wakiwemo wenye ngamia na ng'ombe kutoka Garissa na Tana River. Kodi hiyo ni mapato halali ya wanahisa wengi wa maranchi wasio na ng'ombe. Tatizo ni kwamba wageni hufika hasa wakati kwao kumekauka, yaani wakati Kasigau nayo imechoka. Tangu mwaka 2011 mradi wa hewa ukaa wa kampuni ya Wildlife Works, unaolipa ili miti isikatwe na ulioanzia Rukinga, umewapa wanahisa mapato yasiyotegemea idadi ya mifugo. Umeongeza pia sababu ya kuweka kikomo cha mifugo, na kikomo hicho hufaa pale tu kinapohesabiwa kwa mvua iliyonyesha mwaka huo na si kwa ekari zilizoandikwa kwenye hati.